RELI NDOGO YA MUTAKURA: SOMO JUU YA KUJENGA PAMOJA TUKIWA MBALIMBALI



Somo letu la safari hii linahusu jambo ambalo huenda baadhi yenu mkalicheka mwanzoni. Tunataka kuzungumza juu ya kujenga reli ya mfano, yaani gari moshi dogo liendalo juu ya meza, kwa ushirikiano wa watu walio katika mabara matatu. Kikundi chetu cha masomo hapa Mutakura kina maseremala, wachomeleaji, fundi redio mmoja, dereva wa lori aliyestaafu na vijana kadhaa wa shule. Wenzetu wawili waliokuwa mafundi pamoja nasi wanaishi ng'ambo, mmoja Ubelgiji na mwingine Kanada. Sisi na wao tumeamua kujenga kitu kimoja, kila mtu akifanya sehemu yake pale alipo. Tunaandika somo hili ili vikundi vingine vipate kujua kazi kama hiyo hufuata kanuni gani, na kwa nini kanuni hizo zinamhusu hata mtu asiyependa michezo ya namna hii.

1. Kwa nini reli, mahali pasipo na reli

Mpaka sasa nchi yetu haina reli. Mtoto wa Mutakura hulijua gari moshi kwa picha, au kwa masimulizi ya wazee waliovuka ziwa wakapanda treni Kigoma kwenda Tabora na Dar es Salaam. Lakini tarehe 16 Agosti 2025, huko Musongati, ilizinduliwa kazi ya kujenga reli itakayotoka Uvinza nchini Tanzania mpaka Musongati. Urefu wake umepangwa kuwa kilomita 282 hivi. Upana wake, yaani nafasi iliyopo kati ya chuma na chuma, ni milimita 1,435, ambao ndio upana wa reli nyingi duniani.

Hapo ndipo penye swali letu. Vyuma vya reli hiyo, nyaya zake, injini na mabehewa yake vitatoka mbali. Vitafika vikiwa vipande, navyo vitaunganishwa hapa. Je, kazi ipi itakuwa ya mikono yetu? Ajuaye kusoma mchoro atapewa mchoro. Asiyejua atapewa kasha alibebe. Kubeba kasha si aibu, ni kazi ya halali inayostahili ujira wake. Lakini haifai watoto wetu wabebe makasha kwa sababu tu hakuna aliyewafundisha kusoma kilichoandikwa juu yake.

Hatusemi kwamba kujenga gari moshi la mezani kunamfanya mtu kuwa mhandisi wa reli. Tunasema kwamba reli ndogo ina mambo yote makuu ya reli kubwa: kipimo, mchoro, kiungo, umeme, orodha ya vipande, usafirishaji, na makubaliano baina ya watu wasioonana. Mambo hayo hujifunzwa vizuri zaidi pale ambapo kosa hugharimu kipande cha mbao na wala si maisha ya mtu.

2. Kwanza ni kipimo

Kila reli ya mfano huanza na hesabu moja: kitu cha kweli kimepunguzwa mara ngapi? Hesabu hiyo huitwa skeli. Zipo skeli nyingi, lakini iliyoenea zaidi duniani huitwa H0, nayo hupunguza kila kitu mara 87. Tufanye hesabu pamoja.

Behewa la kweli lenye urefu wa mita 20 ni milimita 20,000. Gawanya kwa 87, utapata milimita 230 hivi, yaani sentimita 23. Mtu mwenye urefu wa mita 1 na sentimita 74 atakuwa na milimita 20 kamili, karibu sawa na upana wa kidole gumba. Reli ya milimita 1,435 ikigawanywa kwa 87 inakuwa milimita 16.5. Reli ya zamani ya Tanzania, ile ya kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma, ina upana wa mita moja kamili. Ikigawanywa kwa 87 inakuwa milimita 11.5, nao watengenezaji wa reli ndogo hutumia milimita 12.

Hesabu hiyo ndogo ilizua mjadala mkubwa katika kikundi chetu. Wazee walitaka tutengeneze reli wanayoijua, ile ya Kigoma, kwa hiyo upana uwe milimita 12. Mwenzetu wa Ubelgiji alisema vipande alivyo navyo vyote ni vya milimita 16.5, kwa kuwa treni za Ulaya anazozijenga hupita katika reli ya milimita 1,435. Vijana nao walisema: kama ni hivyo, vipande vya Ulaya vina upana uleule wa reli ya Musongati! Mwishowe tulikubaliana sanduku letu liwe kituo cha Uvinza. Uvinza ipo katika reli ya zamani ya mita moja, na ndiko reli mpya ya kuja kwetu itakakoanzia. Basi juu ya sanduku letu reli ya milimita 12 na reli ya milimita 16.5 zitalala sambamba, kukiwa na jukwaa katikati. Reli nyembamba ni fupi, nayo itaishia palepale sandukuni. Reli pana ndiyo itakayotoka na kuungana na masanduku ya wenzetu.

Msomaji asidhani kwamba kukubaliana juu ya kipimo kimoja kunatosha. Waingereza wengi hutumia skeli nyingine iitwayo 00, ambayo hupunguza mara 76, lakini reli yao ni ileile ya milimita 16.5. Treni yao itapita katika reli yetu bila kuanguka. Hata hivyo, abiria wao mwenye mita 1 na sentimita 74 atakuwa na milimita 23 hivi, na akisimama jukwaani karibu na abiria wetu wa milimita 20 ataonekana jitu. Kwa hiyo ni lazima kuuliza mambo mawili: reli ina upana gani, na vitu vimepunguzwa mara ngapi?

3. Mkataba uko kwenye kiungo

Watu wanawezaje kujenga reli moja ikiwa mmoja yuko Mutakura na mwingine yuko Kanada? Njia iliyobuniwa ni ya masanduku. Kila mtu hutengeneza sanduku lake la mbao, refu na jembamba, na reli hupita juu yake kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine. Ndani ya sanduku lake mtu ana uhuru wote. Akitaka aweke kituo, akitaka daraja, akitaka shamba la migomba. Lakini ncha mbili za sanduku si zake peke yake. Hapo hana budi kufuata kipimo cha wote, ili sanduku lolote liweze kuungana na lolote.

Njia hii ina historia. Mwaka 1935 wapenzi wa reli ndogo wa Marekani waliunda chama cha taifa kilichoandika viwango vya magurudumu na reli, kwa sababu kabla ya hapo gari la kiwanda kimoja halikuweza kupita katika reli ya kiwanda kingine. Mwaka 1954 vyama vya Ulaya viliunda shirikisho lao, MOROP, nalo likatoa viwango vya Ulaya. Na mwaka 1981 kikaanzishwa nchini Ujerumani chama kiitwacho FREMO, ambacho wanachama wake wa nchi mbalimbali huleta masanduku yao, huyaunganisha katika ukumbi mkubwa, na kuendesha treni kwa ratiba kama kazi ya kweli.

Tazameni sasa jinsi tofauti ndogo inavyoweza kuwatenganisha watu wenye nia moja. Katika kiwango cha FREMO, uso wa reli huwa milimita 1,300 kutoka sakafuni. Katika kiwango kinachotumika sana Amerika Kaskazini, kiitwacho Free-mo, uso wa reli huwa inchi 50, yaani milimita 1,270. Tofauti ni sentimita tatu tu. Ukiweka sanduku la Kanada karibu na sanduku la Ubelgiji, treni itafika ukingoni na kuanguka. Dawa yake ni rahisi: miguu ya masanduku itiwe skrubu ya kupandisha na kushusha. Lakini dawa hiyo lazima iwe ndani ya mchoro tangu mwanzo. Mwenzetu wa Kanada amekubali kutengeneza miguu ya namna hiyo, na sote tumekubali milimita 1,300.

Na vishikio vya mabehewa vivyo hivyo. Vishikio vya kawaida vya Ulaya ni kitanzi na ndoana. Vile vya Amerika hufanana na ngumi mbili zinazoshikana. Kila aina ni nzuri kwa wenyewe, lakini hazishikani zenyewe kwa zenyewe. Ilitubidi tuchague moja na kuiandika.

Katika reli kubwa jambo hili limegharimu zaidi. Reli ya TAZARA, iliyojengwa miaka ya 1970 kwa ushirikiano wa China, Tanzania na Zambia, ina upana wa milimita 1,067 ili iungane na reli za kusini mwa Afrika. Reli ya kati ya Tanzania ina milimita 1,000. Tofauti yao ni milimita 67, upana wa vidole vinne hivi. Kwa ajili ya vidole hivyo, behewa la reli moja haliwezi kupita katika nyingine, na ilibidi kijengwe kituo cha kuhamishia mizigo Kidatu. Wafanyakazi wanaohamisha mizigo hiyo wanafanya kazi iliyoletwa na uamuzi uliopitishwa zamani na watu wengine, kila mmoja akiangalia upande wake.

4. Meli iliyokuja katika makasha

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa kitu kilichotengenezwa bara moja na kuunganishwa bara jingine. Mfano huo umeelea katika ziwa letu. Mwaka 1913, katika mji wa Papenburg, Ujerumani, kiwanda cha Meyer kilijenga meli iliyoitwa Graf von Goetzen. Mafundi waliiunganisha kwa bolti tu ili kuhakikisha kwamba kila kipande kinakaa mahali pake. Kisha wakaifungua, wakavitia vipande hivyo alama, wakavifunga katika makasha yapatayo 5,000. Makasha yalisafirishwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam, kisha kwa reli ya kati kuelekea Kigoma, reli ambayo wakati huo ilikuwa inamaliziwa. Kigoma, mafundi watatu kutoka Papenburg, wakiongozwa na Anton Rüter, pamoja na wafanyakazi wengi wa Kiafrika na wa Kihindi, waliiunganisha upya, safari hii kwa ribiti. Tarehe 5 Februari 1915 ilishushwa majini.

Ilikuwa meli ya wakoloni, na vita vilipokuja ilifungwa mizinga. Julai 1916 Wajerumani walipokuwa wanaondoka waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, lakini kwanza wahandisi wake walipaka mitambo grisi nyingi. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua kutoka majini, na mitambo ikaonekana bado inafaa. Mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba. Wengi wetu tunalijua jina hilo kwa sababu nyingine. Mei 2015, maelfu ya Warundi waliokimbia walipokwama katika kijiji cha Kagunga ufukweni mwa ziwa, ni Liemba iliyowachukua, safari baada ya safari, mpaka Kigoma. Wamo humu Mutakura waliopanda meli hiyo. Ribiti zilizopigwa na vibarua miaka mia moja kabla yake ndizo zilizowavusha.

Katika habari hiyo tunajifunza mambo matatu. La kwanza, kiunganishe kitu nyumbani kabla ya kukituma. La pili, kipande kisicho na alama ni mzigo tu, maana kati ya makasha 5,000 hakuna atakayekumbuka kwa kichwa. La tatu ndilo zito zaidi. Majina ya mafundi watatu wa Papenburg husimuliwa mpaka leo. Majina ya waliobeba, waliopiga ribiti na waliochochea moto wa kuchomea vyuma hayasimuliwi. Waliokuwa na mchoro mkononi wakakumbukwa, na waliokuwa na nyundo wakasahauliwa, ingawa meli isingeelea bila nyundo.

5. Nini kitoke wapi

Mwanzoni mwenzetu wa Ubelgiji, kwa moyo mwema kabisa, alitaka kutuletea kila kitu kikiwa tayari: meza, reli, nyumba, miti, hata watu wadogo wa plastiki. Tulimshukuru, tukamjibu kwamba tunataka kwanza mchoro, kisha vile tu visivyopatikana hapa. Wengine kikundini hawakufurahi. Walisema, anayepewa hachagui. Tulijadiliana jioni mbili, na tunaona ni vizuri kuwapa wasomaji hoja zilizotolewa.

Waliotaka kupokea kila kitu walisema kwamba tungeokoa muda, na kwamba vitu vya kiwandani ni safi kuliko vyetu. Waliopinga walisema kwamba kitu kilichokuja kizima kikiharibika hukaa kizima katika ubovu wake, kwa kuwa hakuna aliyekiona kikiwa wazi. Walikumbusha pia methali ya wazee: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hoja iliyomaliza mjadala ilitoka kwa mchomeleaji mmoja, naye ni mama wa watoto watano. Aliuliza: "Sisi tutampelekea nini?" Kwa muda hapakuwa na jibu, nasi tukaona kwamba mpango usio na jibu la swali hilo bado haujawa ushirikiano.

Basi tukagawa hivi. Kutoka ng'ambo zije reli zenyewe, swichi za kugeuzia njia, injini mbili, magurudumu na vishikio. Hapa tutengeneze masanduku, miguu, jukwaa, nyumba za kituo, maghala na mabehewa ya mizigo. Bati la makopo, waya na vipande vya mbao tunavyo, na watoto wa mitaa yetu ni mabingwa wa kutengeneza magari kwa vitu hivyo. Nasi tutawapelekea wenzetu mabehewa kumi, matano kila mmoja, pamoja na mitumbwi, migomba na nyumba za mfano kwa ajili ya masanduku yao. Kwa hiyo kasha litakwenda na kasha litarudi.

6. Kufunga, kuandika na kusafirisha

Hapa tunatoa maelekezo kwa ufupi. Kikundi chochote kinaweza kuyafuata, hata kama kinatuma cherehani au vipuri vya pampu.

(a) Unganisha kila kitu kabla ya kukifunga. Kikishakubali, kitie alama pande zote mbili za kila kiungo: A kwa A, B kwa B.

(b) Andika orodha tatu zilizo sawa. Moja ikae ndani ya kasha, moja itumwe mbele kwa njia nyingine, moja ibaki kwa mtumaji. Mali bila daftari hupotea bila habari.

(c) Tumia milimita peke yake. Mwenzetu wa Kanada husikia inchi kila siku dukani, lakini katika karatasi zetu neno inchi halimo.

(d) Usitie katika kifurushi cha ndege rangi ya mafuta, gundi inayowaka wala petroli ya kusafishia. Vitu hivyo ni hatari, navyo hukataliwa. Betri za lithi nazo zina masharti makali. Nunua vitu hivyo pale kitu kinapofika.

(e) Kama kasha ni la mbao za kawaida na linavuka mpaka wa nchi, mbao hizo hutakiwa ziwe zimeshughulikiwa ili zisibebe wadudu. Njia inayotumika sana ni joto la nyuzi 56 mpaka kiini cha ubao kwa dakika 30, kisha mbao hupigwa muhuri wa kimataifa. Plaiwudi haidaiwi muhuri huo. Kwa hiyo kasha dogo la plaiwudi, au katoni nene, huondoa usumbufu.

(f) Kumbuka kwamba mbao huishi. Ubao uliokauka hapa ukingoni mwa ziwa, ukipelekwa katika nyumba ya Ulaya inayopashwa joto wakati wa baridi, utakauka zaidi na kupinda. Tumia plaiwudi kwa uso unaobeba reli, na uache nafasi ndogo kati ya kipande cha reli na kipande kingine.

(g) Jaza hati ya forodha kwa ukweli. Eleza kitu kilivyo, idadi yake, uzito wake na thamani yake. Katika orodha ya kimataifa ya bidhaa, vitu vya mfano vilivyopunguzwa, pamoja na treni ndogo za umeme, huwekwa chini ya namba 9503. Ukiandika tu "vyuma" au "vipuri", afisa wa forodha atakuwa na haki ya kulifungua kasha lote mezani, na huenda vipande visirudi katika mpangilio wake.

(h) Panga njia mapema. Kifurushi kidogo huja kwa posta au kwa ndege. Kasha zito huja kwa meli mpaka Dar es Salaam, kisha kwa lori mpaka Bujumbura, au kwa reli mpaka Kigoma na kwa ziwa mpaka bandari yetu. Safari hiyo ni ya majuma mengi. Andika katika hesabu gharama za njia nzima, si nauli ya baharini peke yake: kuna wakala, ghala, ushuru na mbebaji wa mwisho. Mbebaji wa mwisho alipwe kama wengine. Kulichukua kasha kutoka bandarini mpaka Mutakura ni sehemu ya kazi, wala si hisani.

7. Umeme

Treni za skeli ya H0 zinazotumia umeme wa mkondo mnyoofu huendeshwa kwa volti 12 hivi, na umeme hupita katika vyuma viwili vya reli. Umeme wa nyumba zetu ni volti 220. Huko Kanada umeme wa nyumbani ni volti 120. Kwa hiyo kipunguza umeme kilichonunuliwa kwa ajili ya Kanada kikichomekwa hapa chaweza kuungua, na chaweza kumdhuru mtu. Tumeamua kila mahali wanunue kipunguza umeme chao, na mstari wa makubaliano uwe volti 12, yaani upande usio na hatari.

Rangi za nyaya nazo ziandikwe. Sisi tumechagua nyekundu kwa chuma cha kulia na nyeusi kwa chuma cha kushoto, ukiwa umesimama upande wa mbele wa sanduku. Mtoto yeyote asiguse upande wa volti 220 bila fundi kuwapo. Sheria hiyo tumeibandika ukutani.

8. Haki ya kila mmoja

Kazi ya watu walio mbali huvunjika mara nyingi kwa mambo yasiyosemwa. Kwa hiyo tumeandika mapatano ya kurasa mbili, kwa Kiswahili na Kifaransa, na tunawashauri wengine wafanye hivyo. Mapatano yanasema sanduku la kila mahali ni mali ya kikundi cha pale. Yanasema mchoro ni wa wote, na anayeubadilisha kwenye ncha lazima awaulize wote kwanza; ndani ya sanduku lake hahitaji kumuuliza mtu. Yanasema kipande kikivunjika njiani hasara hugawanywa, haibebwi na aliyekifunga peke yake wala na aliyekipokea peke yake. Yanasema mwisho kwamba majina ya wote waliofanya kazi yataandikwa chini ya kila sanduku, kuanzia mchoraji mpaka mtoto aliyenyoosha waya. Sharti hilo la mwisho lilitokana moja kwa moja na habari ya meli.

9. Tumefika wapi, na tunasema nini

Mpaka tunapoandika somo hili, masanduku mawili ya Mutakura yamesimama kwenye miguu yake, uso wa reli ukiwa milimita 1,300 kutoka sakafuni. Mabehewa kumi ya bati yako tayari, nayo yamepimwa na watu wawili tofauti. Kasha la reli kutoka Ubelgiji liko njiani. Orodha yake tunayo mkononi, na kila kipande kina mahali pake palipochorwa juu ya plaiwudi kwa kalamu ya risasi. Kijana wa miaka 14 ndiye anayeshika mchoro siku za Jumamosi. Wazee humletea vipimo, naye huandika.

Ndugu, reli kubwa ikifika Musongati, itakuja na michoro yake, namba zake na viwango vyake. Watakuwapo wageni wenye ujuzi, nasi tutawakaribisha kama ilivyo desturi. Lakini tunataka siku hiyo wawepo pia watu wa kwetu watakaochungulia katika kasha, wasome namba, waitafute katika mchoro na kusema: kipande hiki kinakaa hapa. Na kama hakikai, wawe na ujuzi na ujasiri wa kusema hivyo kabla bolti haijakazwa. Ujuzi huo hauanzi siku ya kuajiriwa. Unaweza kuanza juu ya meza, kwa rula na waya.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Mti wa mwembe una urefu wa mita 13. Katika skeli ya H0 utakuwa na urefu wa sentimita ngapi? Na katika skeli ya 00?

2. Katika kazi yenu ya kila siku, ni mahali gani kazi ya mtu mmoja inaungana na ya mwingine? Je, kipimo cha kiungo hicho kimeandikwa, au kiko katika kichwa cha mtu mmoja?

3. Rafiki wa ng'ambo anataka kukitumia kikundi chenu mashine nzima. Tajeni mambo matano ambayo mngemuuliza kabla ya kukubali. Ninyi mtampelekea nini?

4. Kati ya mchoraji, mfungaji, mbebaji na muunganishaji, nani anaweza kuondolewa bila kazi kusimama? Ujira wao unalingana na jibu lenu?

5. Andikeni orodha ya vipande vya kitu kimoja kilicho kazini kwenu, mathalani baiskeli au mlango. Mpeni orodha hiyo mtu asiyekiona kitu chenyewe, mwone kama ataweza kukitambua.